Mama Alipouliza, "Huyu Ni Nani?"

Ijumaa ya tarehe 9 Agosti, 2024, nyumba yetu ya Merigi, katika Kaunti ya Bomet, haikulala mapema. Chajio kilikuwa kimeliwa, vyombo vikaachwa bila kuoshwa, na mama, ambaye saa tatu huwa tayari kitandani kwa sababu alfajiri huamkia majani chai, aliketi mbele ya televisheni na leso mabegani. Ilipokaribia saa nne na nusu, Beatrice Chebet, mtoto wa Londiani kule kwa jirani zetu wa Kericho, alishinda mbio za mita 10,000 jijini Paris. Siku nne tu zilizotangulia alikuwa amenyakua dhahabu ya mita 5,000. Mwanamke wa Kenya hakuwa amewahi kushinda mita 10,000 katika Olimpiki. Mama alipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Binti wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili na likizoni, aliinyakua simu yangu akaipiga picha televisheni mara saba au nane. Asubuhi alinifuata jikoni.

"Shangazi, nataka kumweka Chebet awe kijipicha changu kwenye simu. Lakini si picha hivi hivi tu. Nataka iwe ya kisanii, kama zile wanazotengeneza mashabiki."

Nilizitazama picha zake nikacheka. Zote zilikuwa na mawimbi ya rangi yaliyopita usoni pa mwanariadha kama nguo iliyolowa. Nilimweleza kwamba kioo cha televisheni kimeundwa kwa vidoto vilivyopangwa safu safu, na kamera ya simu nayo ina safu zake. Safu hizo zikikutana bila kulingana, mawimbi huzaliwa. Anayetaka picha safi asiipige televisheni. Na aitazame video kwenye kompyuta, aisimamishe, kisha ainakili picha iliyo kwenye kioo.

Mimi riziki yangu ya Nairobi ni kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo kompyuta yangu haikosi programu ya kuhariri picha. Ninayoitumia huitwa GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo hutolewa bure. Nilimketisha binti yangu mezani, nikamwonyesha vifaa vya msingi, kisha nikaenda kumsaidia mama shambani. Nilitaka ajifunze kwa kukosea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua. Sekunde moja ya video ina picha 25 au zaidi, na mtu anayekimbia hatulii hata katika moja. Huku macho yamefumbwa, huku mkono umeziba kidevu, huku uso wote ni ukungu. Alitumia zaidi ya saa moja kabla ya kupata moja iliyotulia: Chebet yu katika mita za mwisho, macho mbele, meno yamekazwa, jasho likimetameta kwenye paji la uso. Niliporudi na kuiona, nilimsifu. Ni kama kuchuma chai, nilimwambia. Shamba zima liko mbele yako, lakini wewe watafuta majani mawili na chipukizi.

Jioni aliniita kwa furaha. Alikuwa amekata mraba, akaondoa rangi zote zikabaki nyeupe, nyeusi na kijivu, halafu akaiamuru programu ikipunguze kijivu hicho hadi viwango vinne tu. Kila kiwango akakipa rangi yake. Njia hiyo ndiyo inayoigeuza picha ya kawaida ifanane na bango lililochapwa. Mfano wake alikuwa ameuona kwenye fulana na kwenye ubavu wa matatu: lile bango la Barack Obama ambalo Shepard Fairey alilitengeneza mwaka 2008 kwa rangi nyekundu, samawati na ya maziwa. Naye akazichukua rangi zile zile. Tena, ili picha ing'ae, alibonyeza kitufe cha kuiachia programu irekebishe mwangaza yenyewe.

Kwa kweli ilipendeza. Ungeiona kwenye gazeti usingeshangaa. Nikamwita mama aje aone.

Mama alivaa miwani, akainama, akaitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa Kikipsigis, bila ubaya wowote, "Huyu ni nani?"

"Ni Chebet, Kogo!"

"Chebet ni mweusi kama mimi. Huyu ni mzungu. Na jasho lake limekwenda wapi?"

Binti alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa maana mama alikuwa amesema kweli. Taa za uwanja zilikuwa zimempiga Chebet usoni, programu ikaongeza mwanga juu ya mwanga, na sehemu kubwa ya uso ikaangukia katika kile kiwango cha juu kabisa. Kiwango hicho ndicho kilichopewa rangi ya maziwa. Jasho, ambalo ndilo lililopaswa kung'aa, likakosa mahali pa kung'aa. Hakuna aliyekusudia kumbadilisha yule dada ngozi. Ilitokea tu, kwa sababu hakuna aliyeikataza mashine.

Msomaji mpenzi, jambo hili lina historia ndefu kuliko kompyuta. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo ilijulikana kama kadi ya Shirley. Msafishaji picha aliitazama ngozi ya mwanamke huyo ili ajue kama rangi zimekaa sawa. Ikipendeza yake, basi mtambo uko tayari. Sisi wengine tulitokea tulivyotokea. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990.

Sebuleni kwa mama kuna picha ya marehemu baba, amesimama nje ya studio fulani mjini. Shati lake jeupe laonekana hadi vifungo. Uso wake ni doa jeusi lenye meno. Pengine mpiga picha alipima mwanga kwa shati, pengine kosa lilitokea maabarani, sijui. Ninachojua ni kwamba ndiyo picha pekee tuliyo nayo, na wajukuu wake wakiniuliza babu alifanana na nani, sina cha kuwaonyesha ila shati. Kwa hiyo mama alipouliza "Huyu ni nani?", nilielewa alikuwa ametazama wapi maisha yake yote.

Tuliketi tukaanza upya, safari hii watatu. Picha ya asili tuliiacha kama ilivyo na kufanyia kazi nakala iliyowekwa juu yake kama tabaka la pili, ili tukikosea tuwe na pa kurudia. Kile kitufe cha kujirekebisha hatukukigusa. Mipaka ya viwango vinne tuliisogeza wenyewe, kidogo kidogo, hadi kile cha juu kikabaki na vidoto vichache tu: jasho kwenye paji la uso, ncha ya pua na meno. Rangi za ngozi tulizichota kwenye shavu la Chebet mwenyewe katika ile picha ya asili. Hatukuchota kidevuni, kwa maana uwanja wa Paris ulikuwa na njia za rangi ya zambarau, na zambarau hiyo ilikuwa imerukia chini ya uso. Tukapata kahawia nzito, kahawia ya wastani, weusi wa kivuli, na rangi ya shaba kwa jasho.

"Na nyuma yake?" binti akauliza.

"Weka chai," mama akasema. Tukaweka kijani kibichi.

Zilibaki pete tano za Olimpiki, zilizoonekana pembeni. Binti alitaka zibaki, tena alikuwa ameanza kupiga hesabu ya kuuza fulana siku ya soko. Hapo nilimshika mkono. Alama ya pete hizo inalindwa na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 1981, na mji ulioupa mkataba huo jina ni Nairobi yetu hii. Picha za televisheni nazo zina wenyewe. Hata Fairey aliingia kortini, kwa kuwa bango lake lilitokana na picha iliyopigwa mwaka 2006 na Mannie Garcia, na shirika la habari la Associated Press likadai haki yake. Walipatana mwaka 2011. Kijipicha cha kumshangilia shujaa kwenye simu yako ni jambo moja, nilimwambia, na biashara ni jambo lingine kabisa. Pete tukazikata.

Mwisho tuliipunguza picha hadi pikseli 100 kila upande, saizi ya ukucha, tukainyoosha simu mbali kwa urefu wa mkono. Hicho ndicho kipimo cha kijipicha chochote: kikiwa kidogo, je, mtu atajulikana? Mama hakuvaa hata miwani. "Chebet huyo," akasema, akarudi jikoni.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia. Picha za binti huyo mwenyewe, zile anazojipiga na wenzake, zote alikuwa akizipitisha kwanza kwenye kichujio cha simu kinachong'arisha ngozi. Nilikuwa nimeziona mara nyingi na sikuwahi kusema neno, nikiogopa kuitwa shangazi wa zamani. Wiki iliyofuata, nikiwa nimesharejea Nairobi, alinitumia picha yake amesimama kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Ilikuwa picha ya kawaida, haikuguswa popote. Chini yake aliandika, "Shangazi, hii nimeiacha na rangi yangu."

Tarehe 5 Julai, 2025, huko Eugene, Marekani, Chebet alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14. Kabla sijamaliza kusoma habari hiyo, simu ililia. Ujumbe ulitoka Merigi: "Kogo anauliza, tunatafuta picha nyingine lini?"