Mti Ulioitwa Tasa

Feijoa haichumwi. Ukilivuta tunda likagoma, liache, siku yake bado. Likiiva litaanguka lenyewe na kazi yako ni kuokota. Usingoje rangi ikuambie kitu, kwa sababu likiwa bichi ni kijani na likiiva ni kijani vilevile, umbo la yai dogo. Unalikata katikati, unachota nyama yake kwa kijiko. Ladha sasa ndiyo huleta ubishi mezani: mmoja anasikia nanasi, mwingine pera, na mama yangu anaapa ni dawa ya meno. Sisi nyumbani tunaiita pera-nanasi, ingawa si pera wala si nanasi. Iko familia moja na mpera, mkaratusi, mzambarau, hata mkarafuu wa Unguja na Pemba. Undugu upo, lakini ni ule wa watu wanaokutana matangani tu.

Haya yote nimeyajua juzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mtu kwetu Limuru aliyeyajua, kwa sababu mti wetu haukuwahi kuangusha hata tunda moja.

Shosho ndiye aliyeupanda. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba moja ya watu wenye pesa upande wa Tigoni, na walipohama wakamwachia vyungu vya maua na mche mmoja ambao hakuna aliyekumbuka jina lake. Akauweka nyuma ya jikoni, karibu na ua wa kayaba. Ulishika vizuri. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, Julai kule unaona pumzi yako, na feijoa haiogopi baridi. Majani yake ni kijani juu, lakini upepo ukiyageuza unaona tumbo jeupe kama fedha. Maua nayo, wacha tu: petali nene, nyeupe nje na zambarau kwa ndani, na katikati fungu la nyuzi nyekundu zenye vumbi la manjano kwenye ncha. Petali zinaliwa, na ni tamu. Watoto wote wa boma letu tulizila, tukishindana na ndege.

Kila mwaka maua yalikuja, yakapukutika, basi. Wakubwa wakaupa mti jina: tasa.

Ukikulia kwenye Kiswahili unajua neno hilo lina uzito gani. Na kwenye boma hilohilo alikuwa akiishi Tata, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, aliyerudi kwa mamake baada ya miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Sikuwahi kusikia mtu akimwambia neno hilo usoni. Hawakuhitaji. Walilisema kwa mti, kwa sauti, yeye akipita na ndoo ya maji: "Huu mti tasa unamaliza mbolea bure." Tata alikuwa anapita tu. Hakuna daktari aliyewahi kumpima yule mume, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Shosho alipofariki, kikao cha kwanza kuhusu shamba kilikuja haraka kuliko tulivyotarajia. Anko wangu mkubwa alikuwa na mpango uliokamilika: shamba ligawanywe kwa wanaume, Tata aachiwe chumba chake "ili asikose mahali pa kulala," na ule mti ukatwe, kwa sababu nyuma ya jikoni ndipo nyumba za kupangisha zingeanzia. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, karo imekwisha na chuo nimekiacha mwaka wa pili. Kwa hesabu ya anko boma lilikuwa na vitu vitatu visivyozaa: mti, Tata na mimi. Mti ndio uliokuwa rahisi kukata.

Nikaanza kusoma kuhusu huo mti, kwa sababu nilikuwa na wakati na bando la usiku. Asili yake ni kusini mwa Brazili, Uruguay na sehemu za jirani za Argentina. Mfaransa mmoja, Édouard André, aliufikisha Ulaya mwaka 1890, na kutoka huko ukasambaa. New Zealand umekuwa mti wa kila nyumba, na msimu ukifika watu huweka mifuko ya matunda nje ya geti, jirani ajichukulie bure. Colombia wanaulima kwenye nyanda za juu, nchi iliyopitiwa na ikweta kama yetu. Kwa hiyo hali ya hewa ya Limuru haikuwa shida.

Shida ilikuwa hii. Ua la feijoa lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, lakini miti mingi ya aina hii hukataa chavua yake yenyewe. Inataka chavua ya feijoa nyingine, ya damu nyingine, inayochanua wakati mmoja nayo. Ukikata tawi la mti wako ukalipanda kando, hujasaidia, kwa sababu huo bado ni mti uleule kwenye mashimo mawili. Zipo aina chache zinazojizalia zenyewe, na hata hizo huzaa zaidi zikiwa na jirani. Kule kwao feijoa humea porini zikiwa nyingi, na kazi ya kubeba chavua hufanywa na nyuki na ndege wanaokuja kula petali. Wetu ulikuwa peke yake kwenye ukingo mzima. Nyuki walikuja, ndege walikuja, hawakuwa na kitu cha kuuletea.

Yaani mti haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikosa mwenzake kwa miaka thelathini na kitu, na lawama ikabaki kwake.

Kwenye kikao cha pili nilieleza haya yote, nikionyesha picha kwenye simu. Wazee walisikiliza kwa adabu. Mmoja akamgeukia Tata, akatabasamu kwa huruma, akasema labda hata yeye alikuwa kama huo mti. Nadhani aliona anamtetea.

"Mimi si mti," Tata akasema. "Mti hauna kitambulisho. Tuongee kuhusu shamba."

Akatoa karatasi. Alikuwa ameenda mwenyewe kuuliza, kimyakimya, kabla ya yeyote kati yetu. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema watoto, haisemi wavulana. Haitenganishi binti aliyeolewa, asiyeolewa na aliyerudi. Na Katiba ya 2010, Ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe kwenye sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Aliyasoma taratibu, miwani kwenye ncha ya pua, kama anasoma tangazo la kanisa. Kisha akakunja karatasi na kuuliza nani anataka chai.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Ilichukua vikao vingine vingi, safari za mjini, na miezi ambayo anko hakutusalimia. Lakini mpima ardhi alipokuja hatimaye kuweka bikoni, sehemu ya Tata ilikuwa sawa na za kaka zake, na mti ulikuwa ndani.

Wakati huo miche yetu ilishafika magotini. Tulinunua miwili kwenye kitalu cha kando ya barabara, yote imeota kutoka kwa mbegu, maana kila mbegu ina damu yake. Nilitaka mmoja tuupande upande wa anko, nikiwaza nyuki watavuka mpaka na mambo yatapoa. Tata akakataa katakata. "Panda yote kwangu. Akikasirika tena atakata, na mimi nitangoja miaka mingine thelathini?" Tukachimba mashimo ya futi mbili, mita tatu kutoka kwa mti mkubwa, tukachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mizizi ya feijoa haiendi chini sana, kwa hiyo jembe likae mbali na shina, na nyasi kavu zifunike udongo kiangazi kikianza.

Mwaka wa nne mche mmoja ulitoa maua saba. Sikuwaachia nyuki peke yao. Nilichukua brashi ndogo ya rangi, nikapanda kwenye kigoda, nikahamisha vumbi la manjano kutoka ua la mche hadi maua ya mti wa Shosho, asubuhi tatu mfululizo. Miezi kama mitano baadaye Tata aliniita nyuma ya jikoni. Chini kwenye nyasi kulikuwa na matunda kumi na moja.

Habari ilienea kabla ya saa sita. Mke wa anko alikuja na mfuko, akashangaa, akaimba haleluya, kisha akamshika Tata mkono akamwambia kwamba Mungu hachelewi, hata Sara alizaa uzeeni.

Tata ana miaka hamsini na saba. Alimchagulia matunda matatu, yale makubwa, akayafuta vumbi kwa leso.

"Mti umezaa, sawa," akasema. "Mimi sijazaa, na sitazaa. Shamba bado ni langu. Haya, shika, usiyaweke juani."