Shasi ya Fuso ilikatika pembeni ya mshono

Leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya maharagi. Naleta habari ya chuma, na kosa ni la kwetu nyumbani.

Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, watu walitafuta gari la kuwarudisha Masisi. Baba mdogo alikuwa na Fuso, lakini ilikuwa imeteleza kwenye matope na kugonga ukingo wa barabara. Shasi ilipinda na kupasuka nyuma ya kabini. Tukaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Aliomba siku tatu. Mimi ndiye niliyemwambia: fundi, watu wamekaa barabarani na mafurushi, maliza leo.

Akamaliza. Alipasha chuma moto mpaka kikawa chekundu, akakinyoosha kwa jeki, akachomelea ufa, akabandika bamba juu yake na kulizungushia mshono pande zote nne. Kisha akamwaga maji ili kipoe haraka. Mshono ulikuwa mzuri kutazama, mimi mwenyewe niliusifu.

Kesho yake tulipakia familia sita. Tulipita Sake salama. Tulipoanza kupanda Mushaki tukasikia mlio kama mti unaovunjika, sanduku la nyuma likalala upande, watu na magodoro wakamwagika. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Dada yangu alivunjika mkono, na hadi leo jembe linamshinda.

Baadaye nilimpeleka mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, aiangalie. Alilala chini ya gari muda mrefu. Akaniita: “Kijana, njoo uone. Mshono uko mzima. Kilichokatika ni shasi yenyewe, hapa pembeni.”

Akanieleza pole pole. Chuma cha shasi kina umbo la herufi C. Gari likibeba mzigo, ukingo wa juu na wa chini ndio unaovutwa na kubanwa zaidi. Kwa hiyo kampuni zinazotengeneza malori zinakataza kuchomelea au kutoboa kwenye kingo hizo. Moto mkali unaondoa nguvu ambayo chuma kilipewa kiwandani, na maji ya baridi yanakifanya kigumu lakini chepesi kuvunjika. Lile bamba letu lilikatwa wima kama mlango, basi nguvu yote ikaishia kwenye mstari mmoja. Linapaswa kukatwa mshazari kwenye ncha zake, na mshono usivuke ukingo. Tena, mwisho wa ufa unatobolewa tundu dogo kwanza, la sivyo ufa unaendelea kutembea chini ya mshono.

Aliniuliza bageti zilikuwa zimewekwa wapi. Nikakumbuka: zilikuwa chini, kwenye karatasi yenye unyevu. Bageti za chuma kigumu zikinywa unyevu, mshono unapata nyufa za ndani ambazo jicho halizioni. Na kwa mvua zetu!

Kuhusu magari madogo aliongeza jambo ambalo sikulijua. Toyota inaagiza kutoa waya wa betri na kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu zenye mfuko wa hewa wa usalama. Na magari mapya yana vyuma ambavyo havipashwi moto hata kidogo. Vikipinda, vinabadilishwa.

Msiseme haya ni mambo ya sisi maskini tu. Kule Texas, Marekani, garaji moja ilibandika paa la Honda Fit kwa gundi mahali ambapo Honda iliagiza kuchomelea. Gari lilipogongwa baadaye, mume na mke waliokuwa ndani waliumia vibaya sana. Mwaka 2017 mahakama iliamua garaji hiyo ilipe dola milioni 31.5.

Sisi hatukwenda mahakamani. Ningemshitaki nani, fundi aliyeomba siku tatu? Kutoa waya wa betri ni bure. Kuacha chuma kipoe chenyewe ni bure. Muda ndio niliomnyima.

Fuso bado imesimama Sake, inangoja kipande cha shasi. Mama sasa hapandi gari lolote la kwenda Masisi mpaka nilale chini kwanza na tochi ya simu, nimwambie nilichokiona. Mashofere wananicheka. Naendelea kulala chini.