Kikundi cha Mifupa

Chuo cha theolojia kilinifundisha Kigiriki, Kiebrania, historia ya Kanisa na namna ya kuandaa mahubiri. Mifupa hakikunifundisha. Niliijifunza nikiwa nimevuka miaka arobaini, baada ya dayosisi kunipanga kuwahudumia kiroho wanafunzi wa chuo cha afya. Walimu wangu walikuwa vijana sita wa mwaka wa kwanza wa utabibu.

Bweni lao lilikuwa na kelele na maktaba ilifungwa mapema, kwa hiyo waliomba chumba kilicho nyuma ya kanisa dogo la chuo ili wakutane kila Alhamisi jioni. Niliwapa ufunguo. Ofisi yangu ilipakana na chumba hicho, basi nilianza kwa kuwasikia, kisha nikawapelekea chai, kisha nikavuta kiti. Kiongozi wao, dada aliyewahi kufanya kazi wodini kabla ya kurudi darasani, aliniwekea sharti: “Baba Mchungaji, hapa hakuna mgeni. Ukikaa, nawe utaulizwa.”

Mtu mzima ana mifupa 206. Zaidi ya nusu yake, yaani 126, ni ya mikono na miguu, pamoja na ile ya mabega na nyonga inayoishikilia. Upande mmoja wa mkono una mifupa 32 ukihesabu mtulinga na kombe la bega. Upande mmoja wa mguu una 31 ukihesabu mfupa wa nyonga. Ukisikia hesabu hiyo unadhani kazi iliyopo ni kukariri orodha. Vijana wale walinionyesha kwamba orodha ndiyo sehemu nyepesi.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Kila mmoja alipewa eneo lake la kusoma juma zima: huyu bega, yule kigasha, mwingine kiganja, mwingine paja na goti. Ikifika Alhamisi, aliwafundisha wenzake. Baada ya hapo sanduku la mifupa ya plastiki lilifunikwa kwa kanga. Mtu aliingiza mkono chini ya kanga, akashika mfupa mmoja bila kuuona, akajibu maswali matatu: Unaitwaje? Ni wa kulia au wa kushoto? Unafanya kazi gani?

Swali la pili ndilo lililowatoa jasho. Mfupa wa paja, ambao ni mrefu kuliko yote mwilini, una kichwa cha mviringo juu, na mgongoni mwake kuna mstari unaokwaruza vidole. Kichwa lazima kielekee ndani, kwenye nyonga, na mstari ule uelekee nyuma. Ukikosea hapo, umempa mtu mguu wa kulia mahali pa kushoto. Waliokwama hawakurudi kwenye kitabu. Waliuweka mfupa juu ya paja lao wenyewe, wakaugeuza hadi ukakubali. Niliwasikia wakiambiana, “Usikisie. Jipime.”

Kwa mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono walitunga sentensi yao: “Salome, leo tunapika pilau, tumwite Tatu kula hapa.” Herufi ya kwanza ya kila neno inakupa jina moja: skafoidi, lunati, trikwetra, pisifomu, kisha safu ya pili, trapeziamu, trapezoidi, kapitati, hamati. Majina hayo ya kigeni ni picha. Skafoidi ina umbo la mtumbwi, lunati la mwezi mwandamo, pisifomu la njegere, na hamati ina ndoano. Mpaka leo nikisalimiana na mshiriki mlangoni baada ya ibada, nakumbuka kwamba nimeshika mtumbwi, mwezi na njegere.

Jioni moja kijana aliyepewa kigasha alinishika mkono akaniambia niugeuze taratibu. Jaribu nawe hapo ulipo. Nyosha mkono mbele, kiganja kikitazama juu, kama wengi wetu tufanyavyo tunapopokea mkate kwenye Meza ya Bwana. Mifupa miwili ya kigasha, radiasi na ulna, imelala sambamba. Sasa geuza kiganja kitazame chini, kama mchungaji anapomwekea mtoto wa Kipaimara mikono kichwani. Ulna inabaki karibu pale pale ilipokuwa. Radiasi inavuka juu yake. Kupokea na kubariki ni kazi ya mifupa ile ile miwili. Jambo hilo nilikuwa nalo mkononi tangu kuzaliwa, lakini ilibidi kijana wa miaka ishirini anishike ndipo nilijue.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike habari hizi ni ugomvi uliotokea wiki tatu kabla ya mtihani.

Katika kikundi kulikuwa na binti aliyechelewa kuelewa. Aliuliza swali moja mara tatu, na akijibiwa aliuliza tena kwa njia nyingine. Mtihani wa kwanza wa anatomia alikuwa amefeli, akapewa sap, na wote walijua kwamba akifeli tena atapata disko na kurudi nyumbani, ambako mama yake aliuza mazao ya msimu mzima ili kulipa ada. Kijana mmoja mwenye akili nyepesi alichoka. Alisema mbele ya wote, bila kumtazama, “Jamani, anatuchelewesha. Atafute kikundi cha wenzake.”

Chumba kilinyamaza. Nilitaka kusema neno, lakini kiongozi wao alinitangulia. Alimuuliza kijana yule, “Kifundo cha mkono unakijua?” Akajibu, “Nakijua.” “Basi mfundishe. Kama huwezi kumweleza akaelewa, tutajua hujui wewe.”

Kijana alianza kwa haraka, akataja mifupa yote minane bila kukosea. Binti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Kaka, mbona kidole gumba kinaweza kugusa vidole vyote vinne, lakini kidole cha shahada hakiwezi kuzunguka hivyo?” Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Orodha yake haikuwa na jibu. Wakafungua kitabu pamoja, vichwa vikigusana, wakaona kwamba mfupa wa kiganja unaobeba gumba umekaa juu ya trapeziamu kama mpandaji juu ya tandiko la farasi, kwa hiyo unaweza kuinama mbele na nyuma na pia kando. Ndiyo maana tunashika jembe, kalamu na kikombe. Swali lililoonekana la kuchelewesha likawapa wote sita kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mkono na mguu kwa sababu walikuwa wakishindania karama, na wengine walikwisha kuwaona wenzao kuwa mzigo. Nilikuwa nimeihubiri sura ile ya 12 mara nyingi kama fundisho la kuvumilia wadhaifu. Jioni ile niliona jambo la ziada ndani yake: aliye imara alikuwa na shimo katika ujuzi wake, na asingelijua shimo hilo bila swali la aliye dhaifu.

Binti alifaulu. Lakini mmoja wao alifeli, na hakuwa yeye. Alikuwa kijana mpole aliyekaa karibu na mlango. Kila Alhamisi, akiulizwa kama ameelewa, alisema, “Nimeelewa, tuendelee.” Akishika mfupa chini ya kanga, alisubiri mwenzake anong’one. Wote walimpenda, na hakuna aliyefahamu kwamba hajui, kwa sababu hakuwahi kusema. Matokeo yalipotoka, aliniambia maneno machache tu: “Baba Mchungaji, niliona aibu.” Naye akapewa sap. Aliyebaki likizo kumfundisha kigasha, mfupa baada ya mfupa, alikuwa binti yule. Nilikuwa nikiwasikia kupitia ukutani, naye akimwambia kila mara, “Sema hujui. Hapo ndipo tunaanzia.” Safari hii alifaulu.

Tangu hapo nimewaza sana juu ya watu wangapi katika sharika zetu wanaokaa karibu na mlango. Tukiulizwa hali tunajibu kwa kumshukuru Mungu. Tukiulizwa kama tumeelewa neno tunasema amina. Tumekariri Katekisimo tukiwa watoto, na kwa wengi wetu siku ya Kipaimara ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuulizwa swali la imani. Lakini Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliikusudia itumike nyumbani, baba na mama wakiwafundisha watoto na watumishi wao, na ndiyo maana kila kipengele kinafuatwa na swali fupi la kutaka maana yake. Swali hilo linahitaji mtu wa pili. Na katika makala alizoandika kwa ajili ya mkutano wa Schmalkalden wa mwaka 1537, alipotaja njia ambazo Injili hutufikia, hakuishia kwenye kuhubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na ondoleo la dhambi. Aliongeza mazungumzo ya ndugu kwa ndugu na kufarijiana kwao. Kwa hiyo jumuiya yenu ya nyumba kumi, yenye mkeka, kitabu cha nyimbo na chupa ya chai, ni mahali ambapo Kristo mwenyewe anafanya kazi.

Sasa ninapotembelea jumuiya naomba jambo moja dogo. Baada ya kusoma neno, kabla mtu yeyote hajaeleza, kila mmoja aseme kitu kimoja asichokielewa. Mara ya kwanza watu walitazama chini. Kisha mzee wa kanisa, mwenye mvi na heshima yake, alikohoa akasema kwamba ameungama imani kila Jumapili kwa zaidi ya miaka hamsini, lakini hajui ushirika wa watakatifu maana yake ni nini, na mke wake ameshakufa, na angependa kujua.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mjane, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno katika kikao chochote, alisogea karibu naye kwenye mkeka. “Shikamoo, Babu,” alisema. “Hilo mimi nililiuliza nilipofiwa. Ngoja nikueleze nilivyoelezwa.”