Viini Vilivyopauka na Dhana Yetu Mbaya



Sisi ndugu wawili tumeolewa Mwanza, mbali na kwetu Unguja. Juzi tulimuozesha mdogo wetu, na mapishi yalikuwa juu yetu. Tukanunua trei mbili za mayai ya kienyeji kwa mama mmoja jirani. Kuyavunja, viini vimepauka! Tukajua tumeuziwa ya kisasa kwa bei ya kienyeji. Tukampigia simu, na maneno tuliyomtolea tunaona haya kuyaandika.

Hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, njooni muwaone kuku wangu."

Tukaenda. Kuku wa kienyeji kweli, wanachakura uani. Lakini kiangazi kimekausha majani yote. Wanakula pumba za mahindi meupe, makombo ya ugali na vumbi la dagaa kutoka mwaloni wa Kirumba. Jirani yake anafuga wa kisasa bandani, na viini vyao ni rangi ya chungwa, kwa kuwa chakula chao cha dukani kimetiwa rangi.

Dada zetu, rangi ya kiini hutokana na karotenoidi, hasa luteini na zeazanthini, zilizomo kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Mahindi meupe karibu hayana. Dagaa humpa kuku protini, lakini hawatii rangi. Kwa hiyo kiini kilichopauka hakimaanishi yai halina protini. Kilichokolea kwa majani kina ziada ya luteini, ambayo ni nzuri kwa macho. Na huku kwenye pamba, mashudu yake yakizidi kwenye chakula, kiini huweza kugeuka kijani-kahawia yai likikaa.

Bibi harusi unayeanza kufuga, wape kuku wako matembele au mchicha kila siku. Baada ya siku chache utaanza kuona tofauti, na kwa wiki mbili hivi rangi itakuwa imekolea.

Sisi tulimwomba yule mama radhi siku ileile, kabla nikaha haijafungwa. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Lazima umwendee mwenyewe. Alitusamehe, akaja harusini, na mkononi kabeba mayai kumi ya zawadi.

Viini vilikuwa vimepauka vilevile. Tuliyala kwa furaha, alhamdulillah.