Langoni Hakuna Mjomba

Siku moja mjomba wangu, aliyenilea tangu utotoni, alifika kwenye lango la bandari ya Mombasa wakati wa zamu yangu. Alitaka kumwona rafiki yake melini, wala hakuwa na kibali. "Mwanangu, si wanijua?" akasema. Nilimwamkia kwa adabu, kisha nikamrudisha. Miezi mitatu hakukanyaga nyumbani kwangu, na mke wangu alinilaumu.

Tangu tarehe 1 Julai 2004 kanuni ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari yataka kila aingiaye atambuliwe, na ngazi ya meli ilindwe. Wengi huona huo ni usumbufu. Lakini shehena nyingi ya Uganda hupita hapo, na lakiri ya kontena ikibadilishwa, namba yake haitalingana na hati. Ndipo tujuapo kuwa mkono mwingine umepita. Tena, hatari si mwizi peke yake. Mjini Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, ghala la bandari lililowekwa tani 2,750 za nitrati ya amonia tangu 2014 lililipuka, wakafa watu zaidi ya 200.

Mwezi wa nne mjomba alibisha hodi. Alikunywa chai kimya, kisha akaniuliza: "Siku ile ungeniruhusu mimi, baada yangu ungemzuia nani?"

Enyi wazazi na wake wa walinzi, msituombe tufumbe macho kwa ajili ya undugu.