Ubuyu wa Kongwa Bandarini Hamburg

Mzigo ulinitangulia. Mifuko ya unga wa ubuyu, uliotwangwa na kuchekechwa na akina mama wa Kongwa, iliondoka bandari ya Dar es Salaam kwa meli. Nami nikaifuata kwa ndege, kwa kuwa mwagizaji wetu wa Ujerumani alitaka mtu aujuaye ubuyu tangu mtini awepo siku ya kukubaliana lebo. Sikuwa nimewahi kuvuka bahari. Habari za viwanja vya ndege na baridi ya Novemba naziacha, wengi wamezisimulia.

Hamburg ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, ila mazoea yake na pwani yetu ni ya zamani. Katika karne ya 19 kampuni ya O'Swald ya mji huo ilikuwa na nyumba ya biashara Unguja, ikinunua kauri za baharini na kwenda kuziuza Afrika Magharibi. Nilitembea Speicherstadt, mtaa wa maghala marefu ya matofali mekundu kando ya mifereji, ambamo kahawa, chai na viungo vilihifadhiwa kwa miaka mingi. Mfanyabiashara wa enzi zile alihitaji meli na mnunuzi. Wa leo anaulizwa pia: je, watu wa Ulaya waliwahi kukila hiki?

Siku inayohesabiwa ni 15 Mei 1997. Chakula ambacho hakikuliwa kwa wingi katika nchi za Umoja wa Ulaya kabla ya hapo huitwa chakula kipya, na hakiuzwi bila kibali. Ubuyu ambao Wagogo wa Kongwa wameula tangu enzi za mababu ukawa mpya! Kibali chake kilitoka 2008, baada ya maombi ya PhytoTrade Africa, shirika la kusini mwa Afrika lililoshughulikia mazao ya mimea ya asili. Sote tunaouza ubuyu huko tunapita njia waliyoifyeka wao, na shukrani zetu kwao ni haba. Lakini kibali kile ni cha nyama kavu ya tunda, iliyotenganishwa na mbegu na nyuzi bila kemikali. Ukiuloweka unga katika spiriti, ukatoa kiini chake na kukikoleza, umetengeneza kitu kingine, na maswali huanza upya. Angalau sheria inayotumika tangu 2018 inayapa uzito mazoea ya wenyewe: chakula kilicholiwa kwa usalama miaka 25 mfululizo nje ya Ulaya kina njia yake fupi zaidi. Fonio, nafaka ya Afrika Magharibi, ilipita hapo mwaka huohuo.

Maabara ulikopimwa mzigo wetu ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Nilipokelewa na mama mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyekwisha kuishi huko muda mrefu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Hebu niambie, maganda mlipasulia wapi?”

“Juu ya turubai safi.”

“Na mifuko ililala wapi? Isiwe jikoni.”

Nilimweleza kwamba ubuyu hukauka wenyewe ndani ya ganda, ungali mtini, hauhitaji moto. Akafurahi, maana moshi huacha kwenye mimea mikavu sumu ambazo Ulaya imeziwekea kikomo. Unga ulichotwa kutoka mifuko mbalimbali, si mmoja tu, ukapimwa salmonela, sumukuvu, risasi na mabaki ya viuatilifu. Pembeni palikuwa na sampuli ya unga wa mlonge wa mtu mwingine. Shehena yake ilizuiwa kwa sababu ya salmonela. Nilimhurumia mwenye mali, lakini moyoni nilikuwa upande wa mtoto ambaye angekoroga unga ule kwenye uji. Watoto wa Kongwa nao wanastahili ukali huo.

Siku ya lebo ilikuwa nzito. Nilikuja na maneno ya nyumbani: ubuyu hutuliza tumbo, huongeza damu, huleta nguvu. Mwagizaji aliyafuta moja baada ya jingine, kwa upole. Tangu sheria ya 2006, neno la afya kwenye chakula lazima liwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Kilichoruhusiwa kilihusu vitamini C: kwamba huchangia utendaji wa kawaida wa kinga ya mwili, mradi kila gramu 100 ziwe na angalau miligramu 12. Sifa ni ya vitamini, mbuyu hautajwi.

Nilibisha. Madai zaidi ya 2,000 kuhusu mimea yamekaa kiporo tangu 2010, bila kukubaliwa wala kukataliwa. Mwagizaji akanieleza kesi ya kampuni moja ya Ujerumani iliyotangaza kwamba zafarani huchangamsha moyo: Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kuchelewa kwa wakubwa hakuihalalishii kampuni hiyo madai yake. Naona kiporo hicho ni dhuluma kwa watu ambao maarifa yao yamo katika mimea. Wenye vitamini walishajibiwa. Wenye mizizi na majani wanangoja. Hata hivyo sikuweza kuisahau Samunge, Loliondo, mwaka 2011, umati ukipanga foleni ya kikombe cha dawa ya mitishamba cha mzee aliyeitwa Babu, na baadhi ya wagonjwa wakiacha dawa za hospitali. Kila nipitapo stendi nikamsikia muuzaji akinadi unga unaotibu kisukari na presha, nataka awepo wa kumuuliza: umepima wapi?

Basi tukaandika jina la tunda, neno moja la vitamini C, na Kongwa, Tanzania. Mwagizaji atapima vitamini hiyo katika kila shehena, kwa kuwa hupungua ghalani. Sisi tutaandika kijiji na wiki ya kuchekecha kwenye kila mfuko, ili ukionekana una kasoro ajulikane wa kuulizwa. Daftari tayari limeanza.