Upande Usioonekana



Juma hili naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe, kosa dogo la ukubwa wa ukucha, lililonifundisha jambo ambalo miaka ya seminari haikunifundisha vya kutosha.

Mwaka 2021 nilikuwa nikihudumu kaskazini mwa Wisconsin, nchini Marekani, katika parokia ya wakulima na wakata miti. Huko, mwezi wa Novemba una majira yake ya pekee: msimu wa kuwinda kwa bunduki paa wenye mkia mweupe. Msimu huo hudumu siku 9, nao huanza Jumamosi inayotangulia sikukuu yao ya Shukrani. Mwaka ule ulianza tarehe 20. Watu huvaa mavazi ya rangi inayowaka, hasa ya chungwa, kama sheria inavyodai, ili mwindaji asimdhanie mwenzake kuwa mnyama. Nyama huhifadhiwa na kuliwa majira yote ya baridi.

Mzee mmoja wa parokia (nami nilimwita Mzee, baada ya kumweleza kwamba kwetu neno hilo ni heshima) alikuwa amepatwa na kiharusi, na mkono wake wa kuume ulikuwa umepoteza nguvu. Alikuwa na bunduki ya risasi moja moja, ile inayokunjuka katikati wakati wa kuipakia. Ilikuwa mali ya mwanawe, aliyekwisha kufariki. Sasa mjukuu wake, binti wa miaka 12, alitaka kwenda msituni kwa mara ya kwanza akiwa na bunduki ya baba yake. Lakini kile kipande cha mti kilicho chini ya mtutu, ambacho mkono wa mbele hukishika wakati wa kulenga, kilikuwa kimepasuka, tena kilikuwa kinene mno kwa kiganja cha mtoto.

"Padre," akaniambia, "uliwahi kunieleza kwamba baba yako alikuwa seremala. Je, alikurithisha chochote?"

Najua baadhi yenu mtashtuka: padre na bunduki wapi na wapi? Kwetu Tanzania silaha ni jambo la leseni, na sheria ya mwaka 2015 inalisimamia kwa ukali. Mtu asisome makala haya akaenda kujaribu nyumbani. Huko Marekani kipande kile cha mti, kwa sheria, hakihesabiwi kuwa silaha. Ni mbao tu. Nikakubali.

Baba yangu alijifunza useremala Peramiho, katika karakana ya Wabenediktini. Alipomaliza meza alikuwa akimwambia mteja, "Igeuze." Alitaka atazamwe upande wa chini, mahali ambapo hakuna mlaji atakayeweka sahani. Nilikua nikilisikia neno hilo, nami nikadhani nimelielewa.

Tulianza mwanzoni mwa Oktoba, katika banda la magari la Mzee. Alikuwa na ubao wa mjozi mweusi, mti wa huko wenye rangi ya kahawa iliyokolea, uliokaa darini miaka mingi hata ukakauka barabara. Ubao mbichi haufai, kwa maana hujikunja baada ya kuchongwa. Tulikata vipande viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, tukihakikisha kwamba nyuzi za mti zinakwenda sambamba na mtutu, kwani zikikatiza kwa mshazari, kipande kitapasuka siku ya kwanza ya kishindo.

Kazi ngumu si umbo la nje. Hilo hutengenezwa kwa randa, tupa na msasa, na jicho huona linapokwenda. Kazi ngumu ni mfereji wa ndani, ambamo mtutu hulala. Mzee alinifundisha kuupaka mtutu masizi ya taa, kuulaza juu ya mti, kisha kuuinua. Kila mahali palipobaki doa jeusi ndipo mti ulipogusa chuma, nami nilipaswa kukwangua hapo kidogo, kama unene wa karatasi. Kisha masizi tena, na kukwangua tena, mara mia na zaidi. Mwishoni mtutu haupaswi kuguswa na mti kwa nguvu, kwa sababu mti hunywa unyevu na kuvimba, na chuma hupata joto na kutanuka. Mti ukisukuma mtutu upande mmoja, risasi haitakwenda pale jicho lilipolenga.

Jioni ya Jumanne, tarehe 2 Novemba, baada ya Misa ya Marehemu Wote, nilifika nikiwa nimechoka. Mzee alikwenda kulala mapema. Nilisukuma patasi kinyume cha nyuzi, nayo ikabandua kipande ndani ya mfereji, mahali ambapo ukuta ulikuwa mwembamba kwa ajili ya kile kiganja kidogo. Nilisimama nikisikiliza kama kuna mtu. Kisha nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikalainisha kwa msasa, nikapaka masizi. Nje hapakuonekana kitu.

Ijumaa Mzee alipitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na mti, kuanzia mbele kuja nyuma. Ulikwama pale pale.

"Padre, hapa pana nini?"

"Nyuzi zimevimba kidogo," nikamjibu.

Siku iliyofuata nikakaa katika kiti cha maungamo kama kawaida. Niliyoyasikia humo si ya kusimuliwa na mtu yeyote. Naweza kusema niliyojisikia mwenyewe: kila nilipotoa shauri, ulimi wangu ulikuwa mzito.

Jumatano tukaenda uwanja wa shabaha. Mpwa wa Mzee alifyatua risasi 3, umbali wa mita 90 hivi. Ya kwanza ilipiga karibu na katikati. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikawa juu kwa upana wa kiganja. Kadiri mtutu ulivyopata joto, lile bonge langu la gundi lilizidi kuusukuma. Mzee akatazama karatasi ya shabaha kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, kwake yeye zaidi kuliko kwetu, "Labda macho ya mwanangu yalikuwa mazuri kuliko bunduki yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyonivunja. Alikuwa ameanza kuitilia shaka bunduki ya marehemu mwanawe ili asinitilie shaka mimi. Tena nilifahamu yule mtoto angeandamana na nini: paa asiyekufa papo hapo hukimbia na jeraha lake, akafa siku ya pili kichakani, kwa mateso, bila faida kwa mtu.

Alhamisi, tarehe 11, nikaenda kwake asubuhi nikamweleza yote: patasi, gundi, na ule uongo. Hakucheka, wala hakunifariji. Aliuliza, "Zimebaki siku ngapi?" Nikasema 9. Akasema, "Kile kipande cha akiba kiko darini. Mimi nitashika taa."

Tulifanya kazi jioni 4 mfululizo. Yeye alishika taa kwa mkono wa kushoto, nami kila nilipotaka kuharakisha aliisogeza mbali kidogo, nikalazimika kusimama. Tulipaka mafuta ya kitani mara 3 tu, badala ya zile tulizokusudia, kwa hiyo kipande hicho hakikung'aa kama cha kwanza. Lakini karatasi ilipita kutoka mwanzo hadi mwisho, na risasi zilikaa pamoja.

Yule binti alikwenda msituni na babu yake. Hakupiga kitu mwaka ule. Alirudi amegandishwa na baridi na mwenye furaha. Mzee hakunirudia tena suala la uongo wangu, wala hakuniambia kwamba amelisahau. Alinipa tu kile kipande cha kwanza.

Kipo hapa mezani pangu ninapoandika. Wageni hukisifu, kwa maana nje ni kizuri kweli. Nami huwaambia, "Kigeuze."

Ndugu msomaji, mwaka huu umeziba nini kwa gundi na unga wa mbao? Katika ndoa, katika daftari la duka, katika hesabu za jumuiya? Aliyekuamini huenda ameanza kujilaumu mwenyewe kwa kosa lako. Usimwache alale hivyo usiku wa leo. Nenda kwake ungali na siku 9, au hata moja.

Mungu awabariki. Tuombeane.